Siku Kumi za Kufiwa (14): Saini ya Mzee Alois

Wiki iliyopita tulimwacha Annelies Zurfluh amesimama jikoni kwake, koti la kazi bado mwilini, kidole chake kikiwa juu ya jina la tano.

Jina la tano lilikuwa la baba mkwe wake.

Alisoma mara ya pili, akidhani macho yamemdanganya. Hayakuwa yamemdanganya. "Alois Zurfluh, mkulima, Rietalp." Mwandiko mkubwa, wa mkono uliozoea uma wa majani kuliko kalamu.

Na mwenye mwandiko alikuwa amekaa palepale mezani, anachovya mkate kwenye kahawa.

"Baba."

"Mm."

"Hii nini?"

"Nakala. Wakili kaniachia nakala. Mtu mwenye adabu sana yule."

Wakili ni Reto Caduff wa Chur, makamu mwenyekiti wa kamati. Asubuhi hiyo hiyo Annelies mwenyewe ndiye aliyempandisha mlimani kwa gari la waya, maana kazi yake ni hiyo: anaendesha gari la waya linalopandisha watu, maziwa na barua kutoka bondeni hadi Rietalp. Reto alisema anakuja kumsalimia mzee. Kumbe alikuja na karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. "Sisi wajumbe wa kamati ya pendekezo la wananchi la Siku Kumi za Kufiwa tunaliondoa pendekezo letu." Basi. Miaka minne ya kusimama kwenye baridi na ubao wa saini, kudai siku kumi za likizo kwa kila mfanyakazi aliyefiwa, saini laki moja na elfu nane, na yote yanamalizwa na sentensi moja.

Kamati ina wajumbe wanane. Ili pendekezo liondolewe, wanatakiwa zaidi ya nusu, yaani watano. Wanne waliotaka kuliondoa Annelies aliwajua siku nyingi. Wa tano alikuwa anakula mkate aliouoka Annelies.

"Baba, kesho Baraza la mawaziri linakaa Bern kupanga tarehe ya kura. Likishapanga, pendekezo haliondoleki tena. Zimebaki saa chache. Nchi nzima ingepiga kura. Wewe umekwenda kuliua leo?"

"Sijaliua. Nimeliondoa."

"Tofauti yake nini?"

Alois alifikiri. "Reto aliieleza vizuri," alisema.

Annelies alivuta kiti akakaa. Huyu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mumewe Sepp alipokufa, alipewa siku mbili kama mkataba ulivyosema, na siku ya tatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye usukani wa gari la waya, anawauliza watu kama wameketi vizuri. Hakuna aliyemwona akilia. Majirani walimsifu. Yeye akaenda kutafuta watu saba wa kuandika nao pendekezo.

"Sepp alikuwa mwanao," alisema.

"Najua alikuwa mwanangu."

"Basi niambie kwa nini."

Mzee alisukuma kikombe pembeni. Alitazama dirishani, kule banda la ng'ombe liliko, kisha akasema kwa sauti ile ile anayoagizia chumvi:

"Daktari wa Altdorf kaniambia nisinunue ndama mwaka huu."

"Lini alisema?"

"Mwezi wa nane."

"Sasa ni Novemba!"

"Ulikuwa na kazi ya kamati. Sikutaka kukuchanganya."

Annelies alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Bunge limetoa ahadi," Alois aliendelea. "Tukiliondoa pendekezo letu, sheria yao ya siku tano inaanza Januari mosi. Siku tano kamili, na mshahara. Tukienda kwenye kura, ahadi inakufa. Na kura tunashindwa, Reto kasema. Katika kila mapendekezo kumi, tisa yanaanguka. Daktari anasema nitafika Februari, pengine Machi kama theluji haitakuwa nyingi. Sasa nikakaa nikapiga hesabu. Januari sheria inaanza. Februari mimi nakufa. Wewe unapata siku tano." Akashusha pumzi. "Nilikuona ile siku ya tatu, Annelies. Nilikuwa nimesimama hapa hapa dirishani. Niliona gari linashuka. Nikasema, kwangu mimi haitakuwa hivi."

Kumbe usaliti wenyewe ulikuwa huo.

Annelies aliinuka, akaenda kwenye rafu ya vitabu vya mapishi, akatoa faili la kijani. Aliifungua sheria ya Bunge ukurasa wa pili, akaiweka mbele ya mzee, karibu na siagi.

"Soma kifungu cha kwanza."

"Miwani iko juu."

"Nakusomea. 'Mfanyakazi atapewa siku tano iwapo amefiwa na mume au mke, mtoto, au mzazi wake.'"

"Enhe. Mzazi."

"Mzazi *wake*, Baba. Wewe ni mzazi wa Sepp. Kwangu mimi ni baba mkwe. Mkwe hayumo."

"Hayumo?"

"Kamati ya Bunge ilimtoa mwezi wa sita, ili wenye viwanda wakubali. Ukifa Februari, napata nusu siku. Ya kwenda kanisani na kurudi."

Alois alichukua karatasi, akaishika mbali, akaisogeza karibu, ingawa hakuwa na miwani.

"Na yetu inasemaje?"

"Yetu inasema 'mtu yeyote wa karibu, au aliyeishi naye nyumba moja.' Uliitetea mwenyewe sokoni Altdorf, Baba. Ulikuwa umebeba bango."

"Nilibeba bango," mzee alikubali. "Sikulisoma."

Aliirudisha karatasi kwenye faili. Kisha akainuka, akavaa kofia.

"Reto kaondoka saa ngapi?"

"Nimemshusha saa tatu."

"Tunamkuta?"

Annelies alitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo. Alishaanza kufunga vifungo vya koti.

*

Gari la waya la Rietalp halikuwahi kufungwa siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa, isipokuwa zile siku mbili. Kwa hiyo Annelies alipotundika kibao cha "Leo halifanyi kazi" kule kituo cha chini, jirani aliyekuwa na ndoo mbili za maziwa alivua kofia.

"Poleni sana," alisema. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu bado," Alois alimjibu, akapita.

Kwenye basi la kwenda stesheni Annelies alimpigia Reto. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Mara ya tatu ulikuja ujumbe.

"Niko behewa la kimya. Andika."

Aliandika: "Alois anafuta saini yake. Usipeleke barua."

Jibu lilichukua vituo viwili vya basi.

"Saini haifutwi kwa simu. Samahani, Annelies. Za watano ninazo mkononi."

Alimsomea mzee. Mzee alitikisa kichwa.

"Nilisema ana adabu. Kaomba samahani."

Walipata treni kule Flüelen, wakabadilisha Luzern. Hapo mama mmoja mwenye kikapu cha matufaha aliketi mkabala nao, akamkazia macho Annelies tangu treni ilipoondoka.

"Wewe si yule mama wa siku kumi? Nimekuona kwenye gazeti."

"Ndiye mimi."

"Mimi nitapiga Hapana."

"Ni haki yako."

"Mume wangu alipokufa nilirudi kazini kesho yake. Kwa furaha. Siku kumi ningefanya nini nyumbani? Ningeanza kumkumbuka."

Alois aliinama mbele. "Alikuwa mtu wa namna gani, marehemu?"

"Alikuwa anapiga filimbi. Asubuhi mpaka jioni. Wimbo mmoja."

"Na sasa?"

Mama yule alitazama nje. Treni ilipita kituo kimoja, ikapita cha pili.

"Sasa kumekuwa kimya," alisema mwishowe. Akatoa matufaha mawili, moja akampa Alois, jingine akampa Annelies. "Bado nitapiga Hapana."

"Sawa," alisema Annelies.

"Lakini nitafikiri kwanza."

Annelies aliliweka tufaha mfukoni bila kuling'ata. Kichwani alikuwa anahesabu dakika. Reto aliondoka saa nzima kabla yao, na zaidi. Lazima alifika Bern kabla ya saa sita. Kutoka stesheni mpaka ofisi inayopokea mapendekezo ni mwendo wa dakika saba, na Reto ni mtu wa miguu mirefu. Barua ilishapokelewa. Ilishapigwa muhuri. Kila alivyozungusha hesabu, muhuri ulikuwa umekwisha kupigwa.

"Unaumwa?" mzee alimuuliza.

"Wewe ndiye unayeumwa, Baba."

"Aa, ndiyo."

*

Waliingia lango la ofisi saa saba na dakika kumi na mbili. Mzee alikuwa anahema kama aliyepanda mlima kwa miguu, lakini alikataa mkono wa Annelies. Mlinzi aliwaelekeza ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho.

Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa. Juu yake palikuwa na kibao: "Chakula cha mchana, saa sita hadi saa saba na nusu."

Na kwenye benchi chini ya kibao, bahasha magotini, alikuwa amekaa wakili Reto Caduff.

Msomaji wangu, nchi ile raia wanaweza kuibadili katiba siku yoyote wanayotaka. Ila si kati ya saa sita na saa saba na nusu.

"Nilifika saa sita na dakika mbili," alisema Reto. Hakuinuka. Alikuwa na sura ya mtu aliyekaa muda mrefu na mawazo yake mwenyewe. "Dakika mbili, Annelies."

"Nipe hiyo bahasha."

"Siwezi. Ina saini za watu watano."

"Wanne," alisema Alois. "Mimi nafuta yangu."

Reto alimtazama mzee, akamtazama Annelies. "Umemwambia nini?"

"Nimemsomea kifungu cha kwanza. Wewe ulimsomea?"

Wakili aliigeuza bahasha magotini. Hilo lilitosha kuwa jibu.

"Ulijua mkwe hayumo," Annelies alisema taratibu. "Ulikaa mezani kwangu, ukanywa kahawa yangu, mzee akakwambia anataka siku tano kwa ajili yangu. Na ulijua."

"Hakuniambia ni kwa ajili yako! Alisema anataka siku tano. Nikadhani anataka kama wanavyotaka wengine wote."

"Ni kweli," alisema Alois. "Sikumwambia. Ndama nilimficha."

"Ndama gani?" Reto aliuliza.

"Daktari kamwambia atakufa Februari," alisema Annelies.

Reto aliinuka, akakaa tena. "Mzee, pole. Sikujua kabisa."

"Pengine Machi," alisema mzee.

Walikaa watatu kwenye benchi moja, Alois katikati. Korido ilikuwa tupu. Chini mtu alikuwa anacheka na mlinzi.

"Nitawaambia jambo ambalo kwenye kamati sijalisema," Reto alisema baada ya muda. Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Mnajua mimi ni baba wa mapacha. Kabla yao kulikuwa na mtoto mwingine. Wa kike. Aliishi saa tisa. Alizaliwa usiku, akafariki kabla ya saa sita mchana. Kesho yake nilikuwa mahakamani, na kesi ya mpaka wa shamba. Nilishinda. Mteja alinipa chupa ya mvinyo. Mke wangu alikuwa hospitali peke yake, na mimi nimesimama pale na mvinyo mkononi, nasema asante."

Aliinama akapangusa vumbi kwenye kiatu kimoja.

"Sheria ya Bunge ina neno *mtoto*. Imeandikwa. Siku tano, Januari mosi. Mwakani kuna mtu atapata mtoto wa saa tisa, na hatakwenda mahakamani. Huo ni uhakika. Wewe, Annelies, unataka siku kumi kwa kila mtu, hata mkwe, hata mtu wa nyumba moja. Ni nzuri, niliiandika mimi! Lakini wanatakiwa wengi wa wapiga kura na wengi wa majimbo, yote mawili. Tukianguka, yule mtu anapata sifuri. Utamwambia nini?"

Ndipo Alois akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aligeuka kwa wakili, akampapasa goti.

"Iache saini yangu," alisema.

"Baba!"

"Mtoto wa saa tisa, Annelies. Mimi nina miaka themanini na nne. Nusu siku inanitosha. Mnizike asubuhi, mchana urudi kazini. Watalii watakuwa wengi Februari."

Saa ya koridoni ilionyesha saa saba na dakika ishirini na mbili. Dakika nane mlango ufunguliwe.

Annelies alikuwa na faili zima la hoja. Takwimu za madaktari, barua za wajane, mahesabu ya waajiri. Aliliacha magotini halijafunguliwa.

"Zile siku mbili," alisema. "Ya kwanza nilipika. Watu themanini na sita, supu na mikate. Ya pili tulizika. Siku ya tatu nikarudi kazini, na nikasema, haya, nimeweza. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Nikaweza."

"Najua," alisema Alois. "Nilikuwepo."

"Hukuwepo Oktoba. Gari lilikuwa linapanda, watu kumi ndani, tuko juu ya korongo. Mmoja akauliza, 'Mama, ule mti wa rangi ile ni mti gani?' Nikataka kumjibu. Sepp ndiye aliyekuwa anajua majina ya miti. Nikabonyeza kitufe, gari likasimama. Nikawageuzia mgongo. Nililia dakika kumi na moja, tukining'inia hewani. Watu kumi walikaa kimya nyuma yangu. Kisha nikabonyeza tena, tukapanda. Niliwaambia ulikuwa upepo."

Alijipangusa pua kwa kiganja, kama mtu mwenye mafua.

"Kwenye kitabu cha kazi nimeandika upepo. Mpaka leo imeandikwa hivyo. Siku tano zisingenifaa, Baba. Sijui hata kama kumi zingenifaa. Lakini mtoto wa Reto yumo ndani ya zile kumi. Mama mwenye matufaha yumo. Na wewe umo. Kwa zile tano, wewe nakuzika asubuhi, mchana naandika upepo. Sitaki kuandika upepo tena."

Reto alikuwa ameacha kutazama viatu.

Mzee aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Mlango ukifunguliwa," alimuuliza wakili, "saini inafutwaje?"

"Unachora mstari juu ya jina. Unaandika tarehe. Karani anathibitisha." Kisha, bila kuombwa, Reto aliitoa barua kwenye bahasha, akaiweka juu ya goti la mzee. Akatoa na kalamu yake. "Ni haki yako, mzee. Sitakuzuia."

"Huna hasira?"

"Ninayo sana. Andika."

Alois alichora mstari mmoja mnene juu ya jina lake, akaweka tarehe.

"Wanne," alisema Reto. "Basi. Tunakwenda kwenye kura." Akamtazama Annelies juu ya kichwa cha mzee. "Na kama tukianguka, wewe ndiye utakayemwandikia yule mtu barua. Siyo mimi."

"Nitamwandikia."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, Reto."

Kwa mara ya kwanza tangu kamati igawanyike Julai, walikuwa karibu kutabasamu.

*

Saa saba na nusu kamili, ufunguo uligeuka. Karani alikuwa Bi Aeschlimann, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, harufu ya kahawa ikimfuata. Aliwakaribisha, akaisoma barua mara mbili, akauona mstari.

"Huyu aliyejifuta ni nani kati yenu?"

"Mimi."

"Kitambulisho, tafadhali, mzee."

Alois alitoa. Karani alikigeuza, akakilinganisha na uso, akaridhika.

"Vizuri. Kinachobaki ni kuthibitisha na kijiji chako kwamba uko kwenye daftari la wapiga kura. Ni utaratibu tu. Mjumbe wa kamati asiye na haki ya kura hahesabiwi."

"Nimepiga kura miaka sitini na minne," alisema Alois. "Moja tu sikupiga. Ng'ombe alikuwa anazaa."

"Basi haitachukua dakika mbili."

Alipiga simu, akaweka kipaza sauti mezani ili wote wasikie. Ofisi ya kijiji cha Rietalp iliitika kwa sauti ya msichana wasiyemjua. Katibu yuko likizo, alisema, yeye anamshikia nafasi.

"Naulizia mpiga kura mmoja. Zurfluh, Alois. Mwaka wa kuzaliwa 1941."

Walisikia vidole kwenye kompyuta. Walisikia kiti kikisogezwa.

"Ninaye hapa," alisema msichana. "Alois Zurfluh. Amefutwa kwenye daftari tarehe kumi na mbili mwezi uliopita."

"Amefutwa? Kwa sababu gani?"

"Imeandikwa kifo."

Bi Aeschlimann alimtazama mzee. Mzee alimtazama Annelies. Annelies alitazama simu.

"Binti," Alois aliinamia kipaza sauti, "ni mimi mwenyewe naongea."

"Nani mwenzangu?"

"Alois Zurfluh."

"Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Ni marehemu mwenyewe!"

"Samahani, mimi ni wa muda tu, siwezi kurekebisha kitu. Ni katibu peke yake mwenye ruhusa. Atarudi Alhamisi asubuhi. Na leo tunafunga saa nane." Akasita, kisha akaongeza kwa upole wa kweli: "Poleni sana kwa msiba."

Simu ikakatika.

"Alhamisi," alisema Annelies. "Baraza linakaa kesho."

"Nimesikia," alisema karani. Alikuwa ameshika kalamu, anaandika tarakimu kwenye ukingo wa karatasi yake, polepole, kama mtu asiyependa anachokiona. "Mzee, kwa macho yangu wewe u hai. Ninaweza kuapa. Lakini mimi sihesabu kwa macho. Nahesabu kwa daftari, na mpaka daftari lirekebishwe, wewe si mjumbe."

"Haidhuru," alisema Alois. "Si nimeshajifuta?"

"Umefuta saini. Daftari limekufuta wewe." Aligeuza karatasi ili waione. "Kamati haina tena wajumbe wanane. Ina saba. Na kwa wajumbe saba, walio wengi si watano."

Annelies alihesabu majina yaliyobaki kwenye barua.

"Ni wanne," alisema Bi Aeschlimann.

Barua ilikuwa mezani, kati ya simu na kikombe cha kahawa. Jina moja limepigwa mstari. Majina manne, wino mweusi, hayajaguswa. Karani hakuigusa. Aliunganisha vidole vyake, akamgeukia wakili.

"Bwana Caduff, barua hii bado hujanikabidhi rasmi. Kama unaikabidhi, napiga muhuri sasa hivi, na pendekezo limeondoka. Kama huikabidhi, iondoe mezani kwangu. Unaikabidhi?"

Reto alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya barua.

Annelies alisubiri aivute upande wake.

Kiganja hakikusogea.